Niliandika "Except" Mahali Mzee Alimaanisha "Accept"

Admin, naomba ufiche jina langu na la duka, maana Nyeri ni ndogo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, niko na mtoto mmoja, na kwa miaka minne nimekuwa nikichapa barua za watu katika kiduka kimoja hapa Majengo. Barua za kuomba kazi, makubaliano ya nyumba, programu za mazishi. Nilisomea ualimu wa Kiingereza lakini kazi ikakataa kupatikana. Watu hapa huniita Madam. Wakiwa na neno la Kizungu limewashinda, wananiletea.

Mwaka jana kulikuwa na mzee wa upande wa Kiriaini aliyekuwa akija Nyeri kliniki ya sukari. Siku moja akapitia kwetu na binti yake, nitamuita Wangui. Huyo Wangui alimshika mkono mpaka kwa kiti, akamfunga vizuri kofia, halafu akatoka kumtafutia chai. Tukabaki wawili. Mzee akaniambia kwa Gikuyu, pole pole kama mtu amefikiria maneno yake njiani: "Vijana wangu wanasema Wangui si wa boma kwa sababu alirudi kutoka kwa ndoa. Andika, katika kugawa shamba yangu, mimi nimemkubali msichana wangu Wangui. Uandike na Kizungu, ndio wasiicheze."

Nikachapa: "In the sharing of my land, I except my daughter Wangui." Nikamsomea kwa sauti. Kwa ulimi wetu hayo maneno mawili, accept na except, yanasikika sawa tu. Na kompyuta haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu neno ni neno. Mzee akaweka kidole gumba, akakunja karatasi, akaitia kwa koti. "Ngai akurathime, mwana wakwa," akaniambia. Mungu akubariki, mtoto wangu.

Mwaka huu mzee akafariki. Nilisikia, nikasikitika, nikaendelea na kazi.

Halafu mwezi wa nane nikaitwa intavyuu ya kufunza Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi. Nikaanza kujikumbusha maneno ambayo watu huchanganya. Lose na loose. Quite na quiet. Nikafika accept, ni kukubali. Except, ni kuacha nje. Ndugu zangu, hapo hapo nikakumbuka karatasi ya mzee. Nilifungua faili ya mzee kwa kompyuta nikiomba nikute nimekosea kukumbuka. Ilikuwa hapo. Nilikuwa nimeandika kwamba anamuacha nje binti yule yule ambaye mzee alikuja kumtetea.

Ningefaa kusema siku hiyo. Sikusema. Nilijiambia pengine karatasi ilipotea, pengine waligawana kwa amani. Kazi nikapata, ninaanza Januari.

Jumamosi iliyopita Wangui akaingia dukani. Amekonda. Akatoa karatasi kwa mfuko wa nailoni na kuiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Madam, ndugu zangu wanasema baba alinikataa hapa. Mimi Kizungu sijui. Wewe ndio uliandika. Nisomee."

Nikasoma. Akaweka kidole kwa neno lenyewe. "Na hii inasema nini?"

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Inasema... anakuacha nje."

Hakupiga kelele. Alikaa tu akiangalia mlango. "Nimemuosha miguu miaka mitatu," akasema. "Hiyo siku nilitoka nimtafutie chai. Kumbe alikuwa anangoja nitoke."

Akainuka akaenda. Sikumkimbilia.

Jumatatu akaja kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mtu anayeheshimika sana kanisani. Alingoja wateja waishe.

"Alhamisi tunakaa kwa chifu, mambo ya shamba," akaniambia. "Utaulizwa swali moja tu. Uliandika vile mzee alisema? Utasema ndiyo."

"Na nikisema hapana, Mwalimu?"

Akacheka kidogo. "Msichana wangu, mimi nimefunza Kiingereza miaka mingi. Nilipoiona hiyo sentensi nilijua ni makosa. Lakini karatasi ni karatasi. Ukisema hapana, ati mwalimu wa Kiingereza hajui accept na except, wazazi wa hiyo shule unaenda kufunza Januari watasema nini? Mwenye shule tunasali pamoja."

Akanunua bahasha mbili, akaniaga vizuri kabisa.

Nilimweleza mama yangu, akasema ninyamaze, mambo ya shamba za watu yameua wengi, na mimi niko na mtoto wa kulisha. Najua pia nikisema ukweli wanaweza kudai Wangui amenihonga, maana mzee hayupo na hakuna mwingine aliyesikia. Lakini nikifumba macho namuona akiangalia ule mlango. Shamba ni kitu kimoja. Lakini Wangui anaamini baba yake alikufa akimkataa, na ni mimi peke yangu ninayejua alimkubali.

Leo ni Jumanne. Mchana huu amenitumia ujumbe: "Madam asante kwa kunisomea. Wengine wote niliowauliza walikuwa wananificha. Wewe tu ndio uliniambia ukweli."

Nimeusoma zaidi ya mara kumi na sijaujibu. Wenzangu, siombi mnihurumie. Kama wewe ungekuwa ndiye umekalia kiti kwa chifu Alhamisi, na yeye amekaa mbele yako, ungefungua mdomo useme nini? Niambieni, siku zimebaki mbili.