Sauti Yangu Katika Ghala la Barafu

Mimi nimeishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu nyumba hii ya Mapinga yenye vigae na geti la chuma sikuijenga kwa cheti. Niliijenga kwa mdomo. Nilikuwa na banda la video hapa hapa, mabati na mabenchi, televisheni moja na deki moja, na mtu alikuwa anatoka Kiwangwa na baiskeli, ameacha mananasi yake shambani, aje kunisikiliza nikitafsiri kwa kipaza sauti. Siyo filamu. Mimi.

Kwa hiyo mkiniona nimekasirika, mjue nimekasirikia nini.

Sikukuu ya Idi iliyopita mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, alikuja na flashi. Ni mwalimu wa sekondari. Akaichomeka kwenye televisheni yangu, ukoo mzima umekaa, pilau bado iko jikoni. Ikatokea filamu ile ile iliyonitoa mimi kimaisha: jamaa anamtafuta mdogo wake aliyetekwa na wauza magendo, mwisho wanapigana kwenye ghala la barafu. Picha safi, unaona mpaka jasho. Juu yake kijana mmoja wa Dar anatafsiri, na anasema maneno yangu. Adui mwenye upara mimi nilimwita Sufuria. Naye anamwita Sufuria. Nilisema stelingi katumwa chumvi na mama yake akapitiliza. Naye kasema chumvi.

Mkwe wangu akanigeukia. "Kumbe baba, yale maneno yako ya banda ulikuwa unayatoa huku."

Wajukuu wakacheka mpaka wakalala chini. Mke wangu akaninong'oneza nimwache, hakuwa na nia mbaya. Nimwache vipi? Mtu ananiita mwizi amekalia kochi langu, anasubiri pilau yangu.

Nikaingia chumbani nikatoa kanda yangu ya zamani na deki, ambayo naitunza kuliko gari. Kanda ile niliirekodi mwenyewe bandani, sauti yangu ikiingia juu ya filamu, watu wamejaa, na mwenye duka mmoja wa mjini Bagamoyo akaomba ainakili. Nikampa kwa roho safi. Akasambaza nakala hadi Dar.

Tukaziangalia zote mbili. Sidanganyi, yangu imechakaa: mistari imejaa, rangi zimekimbia, maandishi ya Kichina yanameza miguu ya watu. Mkwe akaanza kunipa darasa. Maneno huweza kufanana, akasema, na sauti mtu anaweza kuiingiza juu ya kanda ya zamani wakati wowote.

Ndipo tukafika ghalani, nami nikakumbuka.

Banda langu lilipakana na msikiti. Adhana ikianza, nilikuwa napunguza sauti, nazima kipaza sauti, nanyamaza, na banda zima linanyamaza. Kusimamisha filamu sikuthubutu, kwa sababu deki ile ukiisimamisha inatafuna kanda. Picha zikawa zinaenda peke yake, watu wanapigana kama mabubu, hadi muadhini amalize. Kisha nasema, "Haya jamaa zangu, turudi kazini." Siku ile ya kurekodi, adhana ya alasiri iliangukia katikati ya ghala la barafu.

Kwenye kanda nikanyamaza. Nikamwambia mkwe aiweke flashi pale pale. Kijana wa Dar, aliyekuwa anabwabwaja bila kumeza mate, naye akanyamaza. Ngumi zinalia, barafu inapasuka, yeye kimya, kimya kirefu kisicho na sababu yoyote duniani. Halafu: "Haya jamaa zangu, turudi kazini."

"Hiyo ni adhana," akasema mke wangu, taratibu. Alikuwa akiuza kashata mlangoni pa banda miaka yote ile. Anaujua urefu wake.

Hakuna aliyecheka. Mkwe akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba." Nikamwambia ale.

Na bado sijapoa. Kijana yule amejifungia chumbani huko mjini, hakuna msikiti unaosikika, ananyamaza katikati ya vita kwa kuwa mimi nilinyamaza. Kaiba mpaka heshima yangu kwa adhana, asijue ni heshima ya nini. Wala hakujiuliza.

Mkwe akataka kuichomoa flashi ile, yaishe. Nikamkataza. Nikamwambia airudishe nyuma, pale pale kwenye kimya. Nilitaka kumsikia tena akinyamaza.