Nyundo ya Wifi

Mtaani walimwita Bibi Cherehani, na jina lake la kweli alilijua mwenyewe tu. Alishona sare, mapazia na magauni ya harusi katika chumba cha mbele, na humo humo ndimo alimolala na mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Kushona alijua, usimchezee. Kukubali kosa ndiko kulikomshinda.

Ndiyo maana dirisha la chumba kile lilikuwa limepigiliwa misumari. Lilitazamana na ua wa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye domo lisilo na breki. Siku moja mteja akiwa mbele ya kioo na gauni lake jeupe, wifi alichungulia akasema, "Wifi, mbona mkono mmoja mrefu?" Mteja akajitazama. Ulikuwa mrefu kweli, lakini hilo tuliache. Jioni ile Bibi Cherehani alilipigilia dirisha, akaapa halitafunguliwa yeye akiwa hai. Tena nyundo yenyewe aliiazima kwa wifi huyo huyo, akairudisha na ahsante juu.

Sasa, umeme wa mtaa ule ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, kwa hiyo pasi yake ilikuwa ya mkaa. Aliiwasha alfajiri, mle mle ndani, mlango kaubana ili mjukuu asipigwe na baridi. Mtoto akaanza kukohoa. Bibi hakukosa jibu: ni barafu zile za dukani, ni kutembea peku. Akamvika masweta mawili. Akaona upepo unapenya chini ya mlango, akauziba kwa vitambaa. Mtoto akazidi. Akatafuta ufa mwingine ukutani, akauziba nao, na kwa kuziba nyufa hakuwa na mpinzani. Mwenyewe pia alikohoa, akasingizia uzee.

Binti yake akapiga simu. "Mama, namsikia hadi huku. Kifua kinalia. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Bibi Cherehani akaiweka simu, akamvuta mjukuu karibu. Tangu mumewe afariki, mtoto yule ndiye aliyekuwa akimsemesha siku nzima, na alimpenda kupita kiasi. Kesho yake akambeba mpaka zahanati, ingawa mtoto alikuwa na miguu yake.

Muuguzi alikuwa kijana mpole, aliyemjua bibi kwa ushonaji wake. Akanusa moshi wa mkaa kwenye sweta la mtoto. "Bibi, pasi mnapigia wapi?"

"Chumbani."

"Kina dirisha?"

"Lipo."

"Linafunguliwa?"

"Mwanangu, si nimekwambia lipo?"

"Bibi amelipiga misumari," mtoto akasema, akikohoa. "Amemkasirikia bibi wa uani."

Muuguzi akajikuna shingo asicheke. Dawa alitoa. Kisha akasema, "Bibi, moshi wa mkaa na hewa yake yenye sumu vinamuumiza kifua, na chumba kikifungwa hivyo vinaweza hata kumuua mtu. Dawa peke yake haitoshi. Pasi itoke nje, dirisha lifunguke."

Alirudi nyumbani kanuna. Akajaribu kung'oa misumari kwa kisu, kikapinda. Akautazama mkasi wake wa kukatia nguo, akaona haya hata kuufikiria. Mtoto akakohoa tena kule kitandani. Basi akapiga moyo konde, akazunguka mpaka uani.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Leo umepotea njia?"

"Naomba ile nyundo."

"Unapigilia nini tena? Mlango?"

"Nang'oa."

Wifi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaufunga bila kusema kitu. Akachukua nyundo, akamfuata nayo.

Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikabidi wapokezane. Kwa vishindo vile kalenda ya ukutani ikaanguka, na pale ilipokuwa pakabaki kipande cha ukuta cheupe pe. Kumbe ukuta wote uliobaki ulikuwa umejaa masizi, nao alikuwa akiamini ndiyo rangi yake. Dirisha lilipofunguka na mwanga kuingia, Bibi Cherehani alipitisha kidole ukutani, akakitazama kilivyokuwa cheusi.

"Wifi, haya yote mtoto wangu alikuwa akiyavuta," akasema, akaanza kulia.

Wifi akamshika bega. "Kuanzia kesho pasi utaiwashia na kuipigia kwangu uani. Lakini nikiona mkono mrefu, nitasema."

"Sema tu."

Mwisho wa mwezi binti akafika na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Alisimama mlangoni akatega sikio. "Mama, mwanangu yuko wapi?"

"Huyo hapo, kalala."

Binti akainama, akaweka sikio kifuani kwa mtoto, akakaa hivyo kitambo. Bibi Cherehani alikuwa kashika kitambaa kwenye cherehani lakini hakushona, macho yote kwenye lile begi. Binti akainuka, akalikunja begi mara mbili, akalisukuma chini ya kitanda. Ndipo alipoliona dirisha, na kichwa cha shangazi yake katikati yake.

"Shangazi, nani kamshinda mama hadi akafungua hili?"

Bibi Cherehani akainamia kitambaa chake, akasubiri aumbuliwe.

"Kafungua mwenyewe," wifi akasema. "Mimi nilimwazima nyundo tu."