Mikono Miwili kwenye Gitaa Moja

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu hapa Kasongo kabla hajaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Alirudi amepakiwa nyuma ya pikipiki, mkono wa kuume umefungwa vitambaa. Jiwe lilikuwa limeuangukia ndani ya shimo. Kidonda kilipona, lakini vidole vilibaki vimejikunja kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe, havikufunguka tena.

Gitaa lilikaa ukutani, naye akaligeuzia mgongo. Siku moja baada ya mavuno ya mpunga nilikuwa naondoa utando wa buibui, ufagio ukagusa kamba.

"Hiyo imelegea," akasema. Ndilo neno lake la kwanza juu ya gitaa tangu arudi. "Lete hapa."

Akaikaza kwa mkono wa kushoto. Kisha akaniambia nikae kwenye benchi, akaniwekea gitaa mapajani, akakaa kushoto kwangu bega kwa bega na kushika shingo ya gitaa.

"Mimi nitafinya, weye utapiga."

"Mimi? Sijui kitu, papa."

"Iko vidole ine tu, mama."

Gumba lilipewa kamba tatu nene. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vilipewa zile nyembamba, kila kimoja na yake, na hakuna kwenda kuchukua ya jirani. Alichora mistari sita kwa chaki kwenye mlango wa chumba, akaweka herufi juu yake kama yeye alivyofundishwa kwa Kifaransa: P ni gumba, I ni shahada, M ni cha kati, A ni cha pete. Nilitakiwa kuzisoma moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kugusa kamba ambayo herufi imekalia. Lakini mlangoni kamba nene kuliko zote ilikuwa mstari wa chini kabisa, na mapajani mwangu ilikuwa juu.

"Umeandika kichwa chini," nikamwambia.

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. "Inama, uchungulie gitaa toka juu. Kamba gani iko karibu na weye?"

Nikainama. Ilikuwa ile nene.

Mikono yangu ni ya shamba. Nilivuta kamba mpaka ikalia vibaya. "Hauvute ndoo kisimani," alisema. "Iguse tu, iende." Gumba, shahada, kati, pete, halafu kurudi: kati, shahada. Nilipotwanga sombe, majani ya muhogo, vidole vyangu vilitembea hivyo hivyo juu ya mchi. Cha pete kilikuwa kivivu, kilifika kila mara wenzake wamekwisha pita. Na kila nilipogeuka kutazama vidole vyake vinavyohama shingoni mwa gitaa, alinikemea kwa upole: "Angalia mukono yako. Huu wangu, uachane nao."

Majirani walitucheka, mume na mke kubanana kwenye benchi mchana kweupe. Tukazoea. Mama mkwe alipita siku moja na kapu la unga, akasikia, akakaa chini mlangoni na kujifunika uso kwa kitenge. "Nilifikiri ni mikono yake yote mbili," alisema.

Kikohozi alikuwa amerudi nacho kutoka shimoni. Tulikiita mafua, kisha tukaacha kukiita jina lolote. Hospitali walimpa dawa, zikamsaidia kidogo, akakonda tena. Masika yalipoanza alikuwa akiegemea bega langu ili aweze kukaa. Siku moja tukiwa katikati ya wimbo kamba zikaanza kukwaruza, kwa kuwa vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuzifinya. Nikaendelea kupiga kama mtu asiyesikia.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Hauache."

Nikapiga mpaka mwisho, kamba zikikwaruza hivyo hivyo. Hatukupiga tena. Tulimzika mvua ikinyesha, na kwaya iliimba bila gitaa.

Baada ya matanga nililishusha, nikalipakata. Vidole vyangu vya kuume vilijua kazi: gumba, shahada, kati, pete. Lakini hakuna aliyekuwa akifinya upande wa pili, na zile kamba tupu zilitoa sauti ileile moja, ikizunguka bila kwenda popote. Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini.

Sasa mpiga gitaa mpya wa kwaya, baba mmoja mpole, anakuja Jumamosi baada ya mazoezi kunionyesha kazi ya mkono wa kushoto. Ncha za vidole vyangu zimeota sugu. Nyimbo tatu za kanisa naziweza. Wimbo ambao mume wangu aliutunga mwenyewe, tuliopenda kuupiga jioni, bado unatushinda, kwa kuwa alinikataza kutazama vidole vyake. Mimi napiga kwa mkono wa kuume, mwalimu huyu anajaribu kufinya.

"Ni hii, mama?"

"Hapana."

"Basi hii?"

"Iko karibu. Lakini hapana."

Juzi alijaribu mpaka jasho likamtoka. Nikamwambia apumzike, nikaenda kupika ugali.