Kijiko cha Unga wa Baharini

Muuza dawa yule alizungumza kwa sauti ya chini, hata mteja akalazimika kuinamia kaunta ili amsikie. Kila kopo alilifuta kwa kiganja kabla ya kulitoa, akaligeuza nyuma na kusoma maandishi madogo huku midomo ikimchezacheza, hata kama aliyasoma asubuhi hiyo hiyo. Fundi cherehani alikuja kwa ajili ya magoti yake, na ngozi pia, Mungu akipenda. Akawekewa kolajeni ya baharini, protini ya kusaidia viungo na ngozi, ya unga na ya vidonge, akaambiwa taratibu asitarajie miujiza. Mara simu ikaita chumba cha nyuma, muuza dawa akaenda kuipokea. Alipobaki peke yake, fundi akafungua kopo la kuonjeshea wateja, akachota kijiko.

“Cha baharini, basi ni mwani; afadhali,” alijisemea kwa sauti. “Mimi nikila samaki koo linaziba, nakimbizwa hospitali.”

“Shangazi, weka chini!” muuza dawa alipiga kelele kutoka mlango wa nyuma.

Kaunta ilitikisika. Alikipiga kijiko kikiwa kimegusa midomo ya fundi, unga ukatapakaa hadi kwenye mizani.

“Si mwani! Hiyo ni ngozi ya samaki!”

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Muuza dawa alimfuta midomo kwa kitambaa chenye maji, akamkalisha, akamtazama ulimi, akamsikiliza pumzi, kisha akarudia tena. Fundi alikuwa salama.

“Nilipaswa kukuuliza kwanza,” alisema. “Kabla ya kopo lolote, nilipaswa kukuuliza.”

Akaokota kifuniko cha kopo. Alikiweka kombo mara mbili, akashindwa kukifunga. Fundi akainuka, akamfungia.