Mtoto Aliyekataa Kushuka Mgongoni

Kuna siku moja ambayo hunirudia kila nikimwona mama mwenye mtoto mchanga anasinzia ameketi, kikombe cha chai kimeinama mkononi. Juzi kwenye arusi hapa Kamembe nilikuona wewe, mwanangu, umelala hivyo hivyo katikati ya ngoma, na mtoto wako macho makavu anawatazama watu kana kwamba yeye ndiye aliyewaalika. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma. Nikajiambia nitakukalisha nikupe habari ya Zuhura wangu, huyu unayemjua, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, jinsi alivyokuwa mdogo na jinsi alivyonitoa jasho.

Wakati huo nilikuwa mwanamke wa daraja. Ndivyo tulivyojiita sisi tuliokuwa tukivuka daraja la mpakani pale Rusizi ya Pili kila siku kupeleka nyanya na vitunguu Bukavu, ng'ambo ya Kongo. Beseni kichwani, mtoto mgongoni, kitenge kimekazwa vizuri. Nilimfunga Zuhura alfajiri na kumfungua jioni, nikimshusha tu kumnyonyesha na kumbadilisha. Sote tulifanya hivyo, na hakuna aliyeona ubaya. Wateja wa ng'ambo walimsifu sana. Walisema ni mtoto mpole, halii, hasumbui, amelala tu. Na mimi nilivimba kichwa kwa sifa hizo, nikadhani nimejaliwa malaika.

Malaika huyo aliamka mimi nilipotaka kulala. Mchana kutwa alikuwa amelala akitikiswa na mwendo wangu, kwa hiyo usiku kitanda hakukitambua. Ukimlaza analia. Ukimfunga mgongoni ukatembea ananyamaza, ukisimama tu anakukumbusha kazi yako. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, nami niliizunguka mpaka nikajua kila ufa wa sakafu. Mume wangu Hamadi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na alilala kama gunia la mchele. Usimchukie. Alikuwa mtu mwema sana, ila alilelewa akijua kwamba usingizi wa mtoto ni shughuli ya mama, kama kunyonyesha, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Mimi mwenyewe sikumwambia, maana niliamini hivyo hivyo.

Jirani yetu Mama Salima alikuwa amejifungua msimu mmoja na mimi. Salima akaanza kutambaa, Zuhura yuko mgongoni. Salima akasimama, Zuhura yuko mgongoni. Salima akatembea mpaka kwenye mlango wangu akachukua kitumbua kwenye sahani, na Zuhura wangu, ukimweka chini, anakunja miguu, anainua mikono juu na kupiga kelele mpaka abebwe. Miguu yenyewe niliiona myembamba. Niliogopa, mwanangu. Wengine wanakuficha neno hili, mimi sikufichi. Nilipokuwa nikivuka daraja nilikuwa nikihesabu watu wenye magongo, nikijiuliza mama zao walianza kujua lini.

Mama Salima hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa hauna mlango. Siku moja aliniambia:

"Mama Zuhura, kuna muntu alimuruka uyu mutoto wako wakati alikuwa amelala. Mutoto mwenye banamuruka hatembeaki. Kule ng'ambo kuko muzee moya, anachanja ku magoti na wembe, anatia dawa. Mutoto wa dada yangu alimufanyia ivyo."

Sikumuuliza kama huyo mtoto wa dada yake alitembea. Ukiwa hujalala, akili inashika kilicho karibu. Nilipanga kesho yake nisibebe nyanya, nimpeleke Zuhura kwa huyo mzee. Sikumwambia Hamadi. Nilinunua wembe mpya mwenyewe, kwa sababu niliambiwa yule mzee anatumia mmoja kwa watoto wote, na nikajiona mama mwerevu kweli.

Asubuhi ile nimeshafunga kitenge, wembe uko kwenye pindo la kanga, nikasikia hodi. Mama mkwe wangu huyo, ametoka Bugarama kwenye mashamba ya mchele, na mfuko wa mchele mpya begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na salamu ndefu. Kila mke wa mwanawe alimwogopa, na mimi niliyekuwa mke pekee nilimwogopa kwa niaba ya wote.

Aliketi, akanitazama usoni.

"Unalalaka weye?" akauliza.

Nikasema nalala. Akatikisa kichwa, akauliza mtoto yuko wapi. Nikageuka nimwonyeshe mgongo. Akasema, "Mushushe."

Nilimshusha juu ya mkeka. Zuhura akakunja miguu, akainua mikono, akalia kilio chake kile. Mama mkwe hakumbeba. Alimshika nyayo kwa viganja vyake vigumu, akasukuma kidogo, na Zuhura kwa hasira yake akasukuma pia, kwa nguvu mpaka bibi yake akarudi nyuma. Yule mama akacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Magulu iko na nguvu kama ya punda," akasema. "Sasa unashindaka naye wapi?"

Hapo nikavunjika. Nililia mimi na Zuhura pamoja. Nikamweleza yote: daraja, usiku, Mama Salima, mzee wa ng'ambo. Nikafungua pindo nikamwonyesha wembe. Nilingoja anitukane. Aliuchukua, akauweka kwenye mkoba wake, akasema utamfaa kukatia kucha.

"Hakuna muntu atakata uyu mutoto," akasema. "Twende kwanza kwa muganga wa serikali amuangalie. Kama iko kitu, atatuambia. Kama haiko kitu, minajua dawa."

Tukaenda kituo cha afya. Muuguzi alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole. Alimlaza Zuhura, akamnyoosha miguu, akamkunja, akamgeuza nyonga huku na huku, akampigia makofi nyuma ya sikio aone kama atageuka, akampima uzito. Akasema haoni kasoro, na kwamba watoto hawaanzi wote siku moja. Kisha akauliza swali lile lile la mama mkwe, kwamba mtoto anashinda wapi, na niliposema mgongoni akatabasamu. Alituambia tumpe nafasi chini, acheze, atambae, ajishikilie, na mchana asilale kupita kiasi ili usiku alale, nami nilale. Akatuambia turudi baada ya muda amtazame tena, na kama hajajaribu kusimama atatutuma hospitali. Mama mkwe aliitikia kila neno kama mtu anayesikia mambo yake mwenyewe yakisomwa redioni.

Nilidhani tunarudi nyumbani. Yeye akakata kona kuelekea dukani kwa mwanawe.

Hamadi alikuwa kwenye cherehani, kipimo cha utepe shingoni, na mteja mmoja amesimama akijaribu koti la arusi. Mama yake aliingia, hakusalimu, akamweka Zuhura mapajani mwa mwanawe juu ya kitambaa alichokuwa akishona.

"Hamadi, uyu mutoto iko na bazazi bangapi?"

"Babili, Mama," Hamadi akajibu, hajui aweke wapi mikono.

"Miye naona mugongo moya tu."

Mteja akaanza kulivua koti polepole, ili aondoke, lakini mama mkwe akamwambia abaki, hakuna siri. Kisha akamwambia mwanawe, bila kupandisha sauti, kwamba mkewe alikuwa njiani kwenda kumchanja mtoto kwa wembe kwa sababu hajalala tangu mtoto azaliwe, na kwamba mtu asiyelala anaweza kuamini chochote. Hamadi alinitazama. Sijasahau jinsi alivyonitazama. Alionekana kama mtu aliyefika nyumbani akakuta ukuta mmoja haupo.

"Kuanzia leo," mama yake akasema, "Mama Zuhura akivuka daraja, mutoto anabakia apa, chini, ku mukeka. Atakwenda kumunyonyesha mbele ya kuvuka na nyuma ya kurudi, na kati utamupa uji."

"Mama, apa kuko sindano. Kuko pasi ya makaa. Na bantu batasema nini?"

"Batasema fundi iko na mutoto. Ni uongo?"

Yule mteja akacheka mpaka akakaa.

Basi nakwambia, mume wangu alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake kubwa ilikuwa kwa mama yake. Kesho yake alipandisha pasi juu ya rafu. Mafundi wanayo sumaku ya kuokotea sindano. Aliipitisha sakafuni asubuhi na mchana kwa uangalifu wa mtu anayetafuta pete yake iliyopotea. Akaunganisha vipande vya vitambaa vilivyobaki, vya suti na vya vitenge, akashona godoro jembamba la rangi zote, akalitandika chini ya dirisha. Mama mkwe alikaa nasi mpaka akaona jambo limeshika njia. Jioni, akitaka nipumzike, alimfunga Zuhura mgongoni kwa Hamadi kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya duka, mlango wazi. Wanaume wa mtaa walipita wakimwita "Mama Hamadi". Aliwajibu kwamba waingie awapime nguo za uzazi. Utani ulikwisha kabla ya wiki kwisha.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Siku za kwanza Zuhura alilia mpaka Hamadi akashona mkono wa koti mahali pa mfuko. Mimi huko ng'ambo maziwa yalinitoka kila nikisikia mtoto wa mtu analia, na nyanya niliziuza kwa bei rahisi nipate kurudi mapema. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi, na wepesi wenyewe uliniuma. Lakini jioni Zuhura alikuwa amechoka. Amevuta vitambaa, amejikokota kwa tumbo kufuata kigurudumu cha uzi, amekula uji. Akawa analala. Nami nililala, mwanangu. Nilipolala usiku mzima kwa mara ya kwanza niliamka nikidhani nimekufa.

Siku ninayotaka kukwambia ni hii. Nilirudi kutoka darajani na beseni tupu, nikafika mlangoni mwa duka. Hamadi akaniona, akainua kiganja kunizuia nisiingie. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Zuhura alikuwa amesimama, ameshika kwa mikono yote miwili kile chuma cha chini cha cherehani, kile cha pembeni mwa pedali, anakitikisa akitaka kiendelee kulia. Miguu ile niliyoililia inatetemeka chini yake, lakini amesimama.

Kisha akageuka akaniona. Akafanya alichokifanya siku zote aliponiona. Aliinua mikono yote miwili juu nimbebe.

Kwa kuinua mikono, alikuwa ameachia chuma.

Moyo wangu ulikimbia kumpokea na miguu yangu nikaizuia. Hamadi naye hakusogea, kipimo kimening'inia shingoni, midomo wazi. Mtoto alisimama peke yake katikati ya duka, mikono hewani, hajui kwamba hakuna kinachomshika. Halafu akakaa chini puu, akatutazama mmoja mmoja, akacheka. Hamadi ndiye aliyelia. Alilia bila aibu, na ndiyo siku niliyompenda kuliko ya arusi. Ule wembe mama mkwe alikuwa ameshaupeleka kwake Bugarama, na kila tulipomtembelea aliutoa kunionyesha kwamba bado unakata kucha vizuri.

Sasa, mwanangu, haya ndiyo niliyokuja kukwambia. Mbebe mtoto wako, mgongo ni haki yake, usisikie wanaosema utamharibu. Lakini pia mshushe, achafuke, agombane na sakafu, ndipo usiku atakuachia. Mtoto wa jirani muombee heri na usimfanye rula, na hizo picha za watoto wa wenzako mnazotumiana kwenye simu, nusu yake hawakuonyeshi walivyolia. Akipata homa au kuhara au pumzi ikamwenda mbio, usingoje na usiende kwa mwenye wembe, wala kwa wale wanaong'oa meno ya watoto wachanga na kukata kimeo. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Ukiona amechelewa, uliza mapema. Kuuliza si kumtakia mabaya.

Na zaidi ya yote, usione fahari kuchoka. Nilipotoka na wembe ule kwenye pindo sikuwa mama mbaya, nilikuwa mama asiyelala, na aliyeniokoa ni mtu aliyeniuliza kama nalala. Mwambie mumeo. Akisema hajui, mwekee mtoto mapajani uondoke, atajua. Mgongo wake ni mpana kuliko wako, na umekaa bure.

Mwenyezi Mungu amkuze mwanao, amtie nguvu miguuni na usingizi machoni. Akujalie na wewe usiku mzima wa kulala, na siku utakayosimama mlangoni ukimwona amesimama peke yake, akupe ujasiri wa kutokimbilia kumshika. Haya, nipe huyo mtoto. Nenda kalale.