Siku Mama Aliposimama Chini ya Tao

Chokaa inapozimwa kwa maji hutoa harufu kali, ya moto na mvua kwa pamoja, inayopanda puani kabla hujauona mvuke wake. Harufu hiyo ilitanda kijijini kwetu, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini, kiangazi kizima cha mwaka niliokuwa darasa la tatu. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, amehamishiwa huko kutoka Songea, na nyumba yetu ilipakana na kanisa la kigango. Lilijengwa zamani na wamisionari pamoja na babu za watu wa pale, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba nilipoketi dirishani na kunyoosha miguu, haikufika ukingo wa pili. Ndani kulikuwa na ubaridi hata jua la mchana likichoma. Mbele ya altare lilipita tao moja kubwa jeupe, nalo ndilo lililobeba paa la upande ule.

Masika ya mwaka huo tao likaanguka. Hakuna aliyeumia, lakini altare ilifunikwa na kifusi, na mvua ikawa inanyesha mpaka mahali Padre aliposimama kuhubiri. Paroko wetu, padre kijana aliyekuja kwetu kwa pikipiki kutoka Mtwara, alituita baada ya Misa iliyosaliwa nje.

"Ndugu zangu, tulibomoe," alisema kwa upole. "Tutajenga ukumbi wa matofali ya saruji. Sitaki kumzika mtu hapa."

Watu waliinamisha vichwa. Mama akasimama.

"Padre, samahani. Kuta ni nzima. Kilichovunjika ni tao. Mgonjwa akivunjika mkono, mimi huwa ninamfunga mkono."

Kicheko kikapita, hata Padre akatabasamu. "Na huo mkono nani ataufunga, Mama Nesi?"

Aliyejibu alikuwa Fundi Hamisi, mkulima wa korosho na mjenzi wa msikiti wa kijiji, aliyekuwa amesimama barabarani akisikiliza. "Babu yangu alichoma chokaa ya kanisa hili, Padre. Mkinipa watu, nitalisimamisha."

Padre alifikiri kidogo. Akatupa muda mpaka mvua zinazofuata. Tukishindwa, anabomoa.

Basi kijiji kikahamia kanisani. Wanaume walipanga magogo na kuchoma matumbawe juu yake ili kupata chokaa. Wanawake, Wakristo na Waislamu, walibeba maji ya kuzimia chokaa, na sisi watoto tulichambua kifusi tukitenga mawe mazima. Fundi Hamisi alitengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, akapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili hadi yakakutana katikati.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya siku ya kutoa kiunzi ili tao lijibebe lenyewe. Padre alikuja. Ufa mwembamba ulikuwa umeonekana kwenye lipu, na minong'ono ikaenea kwamba litaanguka tena. Fundi Hamisi alishika nyundo, akaingia chini ya tao kugonga kabari zilizoshikilia kiunzi. Mama akamfuata, akasimama kando yake.

"Mama, toka!" nilipiga kelele.

"Kaa hapo hapo, Anna," alisema bila kugeuka.

Kabari ya mwisho iliruka. Kiunzi kikashuka kwa kishindo, vumbi jeupe likawameza wote wawili. Lilipotulia, niliwaona weupe kuanzia nywele hadi miguu, na juu yao tao limesimama. Mke wa Fundi Hamisi ndiye aliyeanza vigelegele. Padre alikwenda akajibana kati yao, akicheka kama mtoto, kisha kijiji kizima kikasukumana kuingia chini.

Siku hizi ninaishi Ufukoni, mjini Mtwara, na majirani zangu hupandisha nyumba za matofali upesi kuliko tulivyochambua kifusi kile. Siwalaumu, nyumba yangu pia ni hivyo hivyo. Ila sijaona tena watu wengi namna ile wakishinda pamoja. Pasaka iliyopita nilimpeleka Mama kule. Kanisa lilifurika, vijana wamekaa hadi madirishani. Nikamwuliza kama siku ile aliogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini watu walikuwa wananitazama mimi, si mawe. Ningetoka, nani angeingia tena?"

Kwaya ikaanza wimbo wa kuingia. Mama akainuka bila kungoja mkono wangu, akaimba kwa sauti kubwa kuliko sote.