Mshenzi, kwa Maana ya Nyanjige

Nyanjige alifundisha katekisimu kigangoni, huko Mwamanyili, kwa miaka thelathini na minne. Kiswahili alikipata kwa masista, maana nyumbani kwao walisema Kisukuma, na maneno aliyofundishwa aliyatumia vilevile hadi uzeeni.

Mwaka jana, kwenye kikao cha harusi ya mjukuu wake Scola, mtu alipendekeza Luhende, mfugaji jirani yao, awe msimamizi wa ndoa kanisani. Nyanjige akakataa kwa upole.

"Luhende hawezi. Yeye bado ni mshenzi."

Watu wakainama. Luhende, aliyekuwa amekaa palepale, aliinuka akaondoka. Kesho yake akaenda baraza la kata kushtaki kwamba ametukanwa mbele za watu.

Nyanjige aliitikia wito akiwa na cheti chake cha ubatizo cha mwaka 1957, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Sikutukana," alisema. "Nilisema hajabatizwa. Hata hapa imeandikwa."

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aitwaye Januarius, akasoma kwa sauti. Dini ya baba: mshenzi. Dini ya mama: mshenzi. Akaeleza kwamba zamani watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, baadaye makanisani wakaitwa hivyo wasiobatizwa, na siku hizi neno hilo limebaki tusi.

"Ingawa vijana wanaitana hivyo huku wanacheka," aliongeza, "na hakuna anayekuja kushtaki."

Luhende hakucheka. "Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri. Alikuwa mkunga. Watoto wengi wa hapa walizaliwa mikononi mwake."

"Na ukisoma hiyo karatasi, husikii kitu?"

Nyanjige akaitazama. Akaweka kidole kwenye mstari wa mama yake.

"Nilikuwa sijasikia," alisema. "Leo nasikia. Nisamehe, baba."

Luhende aliondoa shauri. Msimamizi alikuwa mtu mwingine, maana utaratibu wa kanisa haukubadilika, lakini Luhende alikuja harusini akiswaga fahali wa zawadi.

Wiki iliyofuata Nyanjige alipanda bodaboda hadi parokiani, akaomba neno lile lifutwe kwenye kitabu cha ubatizo. Padri akamwambia kitabu cha zamani hakifutwi. Akamwandikia cheti kipya, kisicho na safu ya dini ya wazazi.

Nyanjige akakipokea. "Na wenzangu je? Wazazi wao nao waliandikwa hivyo?"

"Ni kurasa nyingi, mama," padri akasema.